Tumechoka Kusikilizishwa Mvua

Swala ya alasiri imekwisha, na Mwanapili Chome amelala kifudifudi nyuma ya meza ya mashine, miguu nje, kichwa ndani ya vumbi. Ameuma tochi ndogo mdomoni. Kidole chake kinapita juu ya safu ya matundu yenye rangi, nyeupe, nyekundu, buluu, kijivu, kisha kinasimama kwenye la kijani.

"Huu ndio mdomo," anasema baada ya kuitema tochi. "Haya mengine yote ni mapambo. Mtu akikunyima tundu hili, amekunyima maneno."

Hapa ni Banda la Subira, Msambweni, nyumba ya mabati yenye skrini kubwa ukutani na mabenchi ya mbao mbele yake. Nje watu wameanza kukusanyika kwa ajili ya filamu ya Kihindi iliyotiwa sauti za Kiswahili. Ni kisa cha mjane anayenyang'anywa nyumba na mashemeji zake, na wiki nzima mtaa umekuwa ukiingoja.

Mlangoni, chini ya bei ya kiingilio, kumebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: "Kuanzia Jumamosi ijayo wanawake hawataruhusiwa. Sababu ni kelele. Mwenyewe."

Mwanapili, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, ndiye fundi wa sauti wa banda hili. Ameitwa leo apanguse vumbi kwenye amplifaya kabla watu hawajajaa. Anaipangusa, ndiyo. Lakini anafanya na jambo jingine ambalo hakutumwa, na halifichi.

Anauchomoa waya unaokwenda kwenye moja ya spika mbili za wanawake kule nyuma, anauchomeka kwenye tundu la kijani. Ule wa spika ya katikati, iliyo mbele chini ya skrini wanakoketi wanaume, anausogeza kwenye tundu la buluu ambalo lilikuwa la spika hiyo ya wanawake. Ni kubadilishana tu. Kazi yenyewe haichukui muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

"Ati kelele," anasema akijipangusa magoti. "Leo tutajua mwenye kelele ni nani."

Ili msomaji aelewe kwa nini waya mmoja unaweza kuzusha fitina, ni lazima tuingie kidogo katika elimu ya Mwanapili.

Filamu ya siku hizi haitoi sauti moja. Hutoa sauti zilizogawanywa, kila moja na njia yake na spika yake. Spika mbili za mbele, kushoto na kulia, hupewa muziki na magari yanayopita. Mbili za nyuma hupewa mvua, upepo, ndege na risasi zinazovuma kisogoni, ili mtazamaji ajihisi yumo ndani ya kisa. Spika ya besi hupewa ngurumo. Na maneno ya watu, karibu yote, hupitia spika moja tu, ile ya katikati chini ya skrini.

"Aliyebuni mambo haya alidhani watu wote wataketi pamoja katikati ya chumba," anasema Mwanapili. "Hakujua kuna Msambweni."

Msambweni, kwenye Banda la Subira, wanaume huketi mbele kwenye mabenchi. Wanawake huingia kwa mlango wa nyuma na kuketi kwenye mikeka, mahali ambapo sakafu imeinuliwa, nyuma ya pazia fupi ambalo macho hupita juu yake. Ni adabu ya siku nyingi na hakuna anayeilalamikia, hata Mwanapili. "Pazia halina neno," anasema. "Mimi mwenyewe nikija na ndugu zangu hukaa huko huko. Neno langu ni sauti."

Mwenye banda ni Bwana Nassir, mtu mzima mwenye kofia nyeupe isiyojua doa. Si mtu mbaya. Mwanapili mwenyewe ndiye wa kwanza kulisema hilo, ingawa hulisema akiwa amekunja uso.

Aliponunua mashine hii Mombasa, Bwana Nassir alitaka kuwatendea wanawake haki. Akaagiza spika mbili zielekezwe kwao peke yao. Alikuwa amezoea vipaza sauti vya harusi na vya maulidi, ambavyo ukivitundika kumi juu ya minazi, vyote kumi husema neno lile lile. Akadhani na hizi ni hivyo hivyo. Fundi aliyemfungia wakati huo akachukua zile za nyuma, akaziweka nyuma, akala biriani, akaenda zake.

"Niliwapa spika mbili nzima, mpya," Bwana Nassir ananiambia, na bado sauti yake ina uchungu wa mtu aliyetoa sadaka akarudishiwa. "Wanaume wana tatu kwa watu mara mbili yao. Sasa hapo nimemdhulumu nani?"

Kuanzia siku ile wanawake wa Msambweni wamekuwa wakilipa shilingi thelathini, sawa na wanaume, kusikiliza mvua.

Mutheu, muuza mboga ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Ukambani, hakosi Jumamosi hata moja. Anakumbuka alivyodhani ni masikio yake yana shida.

"Nilikuwa naona mtu anafungua mdomo, anafunga, hakuna kitu. Halafu ghafla unasikia ndege, tiu tiu tiu. Nikajiambia, Mutheu, uko na wax masikioni," anasema akicheka. "Kumbe kila mtu huku nyuma yuko hivyo hivyo, lakini hakuna anataka kuwa wa kwanza kusema."

Kwa hiyo walifanya ambacho binadamu yeyote angefanya. Waliulizana. Amesema nini huyo? Mbona analia? Yule ni mume au kaka? Na maswali yakimfikia Bi Kache, shangazi yake Mwanapili, bibi mwenye ulimi mtamu na macho makali, yalipata majibu.

Bi Kache hakuwa akisikia zaidi ya wenzake. Alikuwa akitunga. Aliangalia midomo na nyuso, akawapa watu maneno aliyoona yanawafaa. Kwa miaka, Banda la Subira lilionyesha filamu mbili kwa pamoja, moja ya mbele iliyotoka India na moja ya nyuma iliyotoka kwa Bi Kache. Katika filamu za Bi Kache mawifi ndio wabaya siku zote.

"Usinicheke, mwanangu," ananiambia. "Watu wamelipa. Ungetaka waende nyumbani na upepo?"

Lakini mbele, wanaume walichosikia ni minong'ono isiyokwisha. Wakanung'unika. Wakasema wanawake hawana utulivu, hawajui sinema, wanakuja kupiga soga. Bwana Nassir aliwatetea mwanzoni, kisha akachoka. Ndipo karatasi ikapanda mlangoni.

Kwa wanawake hawa karatasi hiyo si jambo dogo. Jumamosi alasiri ndiyo saa yao pekee ya kutoka ambayo haina maiti wala bibi harusi. Hakuna banda jingine karibu linalowapokea.

Mwanapili aligundua kasoro hiyo siku alipokuja kumtazama shangazi yake na kumfuata bandani. Aliketi mkekani, akasikiliza, akainuka na kwenda kubandika sikio lake kwenye spika. Wenzake walidhani ameingiwa na wazimu.

Alikwenda kwa Bwana Nassir siku iyo hiyo. Yeye, bila kumsikiliza hadi mwisho, alimwambia aziongeze sauti spika za nyuma. Mwanapili akaongeza.

"Tukapata mvua kubwa zaidi," anasema. "Wanawake wakajifunika leso. Wanaume mbele wakageuka kuangalia kama bati limetoboka."

Alipoomba kufunga spika nyingine ya maneno kule nyuma, Bwana Nassir alikataa. Alisema mashine itaungua. Aliporudi mara ya pili, akaambiwa wanawake hawafuati maneno, wanakuja kuangalia nguo. Kauli hiyo Mwanapili hakuisahau. Anaitaja mara tatu katika mazungumzo yetu, na kila mara bisibisi iliyo mkononi mwake inapanda juu kidogo.

Hakuzaliwa na bisibisi hiyo. Alizaliwa Bongwe, akaingia kazi ya kusafisha vyumba katika hoteli moja ya Diani. Zamu yake ilipitia ukumbi wa mikutano, na humo alikuwamo fundi wa sauti aliyeitwa Mbuvi, ambaye nyaya zake zilikuwa zimetandazwa kila mahali.

"Wengine walikuwa wakiniambia, dada, pita, usikanyage. Mbuvi hakuniuliza kwa nini natazama. Alinipa bisibisi akaniambia nishike hapa," anasema. "Nimeshika mpaka leo."

Hoteli ilipopunguza wafanyakazi, alitoka na amplifaya mbovu iliyokuwa ikitupwa, akaifufua, akafungua kibanda Ukunda. Wateja walikuwa wakisimama mlangoni wakimtazama na kuuliza fundi yuko wapi.

"Unazungumza naye," alikuwa akijibu.

"Namaanisha fundi mwenyewe."

"Basi hayupo. Rudi kesho."

Walirudi kesho, wakamkuta yeye. Anasema wawili kati ya wateja wake wakubwa wa leo aliwapata kwa njia hiyo, na hajawaomba radhi.

Kilichomwinua hasa ni harusi. Katika shughuli za wanawake peke yao, fundi mwanamume haruhusiwi kuingia. Kabla ya Mwanapili, mafundi walikuwa wakisimama nyuma ya mlango wakipiga kelele: chomoa nyekundu, hapana, si hiyo, nyekundu ya chini! Ndani, bibi harusi anangoja na muziki unakoroma. Mwanapili aliingia na baibui lake na kisanduku chake cha vifaa, akamaliza kazi, akala pilau na wenzake. Siku hizi hulipwa shilingi elfu nne kwa harusi moja. Harusi zikiadimika, hutengeneza redio na hujinyima.

Kwa hiyo si mtu wa kuambiwa kwamba wanawake wanaangalia nguo.

Banda limejaa sasa. Mwandishi wa makala haya amepewa nafasi kwenye benchi la tatu, kati ya Mzee Fondo, mkata minazi mstaafu, na kijana mwenye mfuko wa bisi. Bwana Nassir ameketi kiti chake cha mkono, karibu na skrini, rimoti mapajani. Mwanapili amepita nyuma ya pazia.

Filamu inaanza. Muziki ni mzuri. Gari linapita kutoka kushoto kwenda kulia, na kijana wa bisi anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha mjane anatokea, anamgeukia shemeji yake, anafungua kinywa, na chini ya skrini tunasikia kunguru.

"Amesema nini?" Mzee Fondo ananiuliza.

Sijui, namwambia. Anamuuliza wa upande wa pili. Wa upande wa pili anamuuliza wa mbele. Shemeji anajibu kwa hasira, mishipa ya shingo imemtoka, na sisi tunapata upepo mwanana unaotikisa majani.

Nyuma yetu hakuna hata mnong'ono. Sijawahi kusikia ukimya kama ule katika banda la video. Halafu, pasipo sababu tunayoijua sisi, wanawake wote wanaangua kicheko.

Wanaume wanageuka. "Kuna nini? Wanacheka nini?" Kijana wa bisi anasema shemeji ametukanwa. Mwingine anasema hapana, ametongozwa. Ubishi unapamba moto, sauti zinapanda, mtu anasimama na kumziba mwenzake. Mimi mwenyewe, nakiri, nilikuwa nimeshamweleza Mzee Fondo kisa kizima ambacho nilikuwa nimekitunga papo hapo.

"Jamani, nyamazeni huko mbele!" Ni sauti ya Mutheu. "Sisi tunasikiliza!"

Bwana Nassir anapiga rimoti, anapandisha sauti. Mvua inatunyeshea.

Tunafika mahakamani. Hakimu anavaa miwani, anashika karatasi, watu wote mahakamani wamesimama. Hakuna asiyejua kwamba hapa ndipo nyumba itakapopata mwenyewe. Midomo ya hakimu inacheza kwa muda mrefu. Kwetu inalia feni ya dari, na mahali fulani mtu anakohoa. Hakimu anagonga meza.

Nyuma, vigelegele vinapasua bati.

"Nani kapewa?" Mzee Fondo amesimama wima. "Nyumba kapewa nani? Nassir! Nassir, tumelipa sisi!"

Bwana Nassir anasimamisha picha. Taa inawashwa. Anamtazama Mwanapili, ambaye amekwishatoka nyuma ya pazia na kusimama pembeni mwa mabenchi, mikono kifuani.

"Umefanya nini kwenye mashine yangu?"

"Shikamoo, ami," anasema Mwanapili kwa adabu kamili. "Sijaharibu kitu. Nimebadilisha waya mmoja na mwenzake. Mliyosikia nyinyi leo, ndiyo tuliyosikia sisi tangu mashine ije. Na kelele mliyopiga nyinyi leo, ndiyo tuliyopiga sisi. Mlikuwa mkizungumzia nguo?"

Hakuna anayecheka, isipokuwa nyuma.

"Rudisha waya," anasema Bwana Nassir.

"Nitarudisha. Karatasi ile mlangoni kwanza."

"Waya kwanza, Mwanapili. Mimi ni mtu mzima, hunipi masharti ndani ya banda langu."

"Karatasi kwanza, ami. Wallahi sigusi mashine. Mwite fundi mwingine."

Fundi mwingine wa karibu yuko mbali, huko Ukunda, na Bwana Nassir anajua hivyo. Anajua pia kwamba akishindwa leo, kila mtu atalitangaza sokoni. Shingo yake imekakamaa. Mwanapili naye hakurudi nyuma hata unyayo.

Kwa muda nilidhani filamu imekwisha kwa siku ile, na huenda na kazi ya Mwanapili pia.

Lakini walikuwa wamemsahau Mzee Fondo. Mzee Fondo amekuwa akibishana na ndugu zake juu ya shamba tangu ujana wake, na alikuwa na haja kubwa ya kujua hakimu amesema nini. Alipita kati ya mabenchi akiguna, akafika mlangoni, akaishika ile karatasi na kuichana kutoka juu hadi chini. Akarudi akaketi.

"Haya," akasema. "Karatasi haipo. Funga waya tumsikie huyu hakimu."

Bwana Nassir aligeuka. Akatazama mabenchi, akaona nyuso. Akakaa.

Ndipo Mwanapili alipofunua leso kwenye kona na kutoa spika ya ziada ambayo alikuja nayo tangu mchana. Alirudisha waya wa spika ya wanaume kwenye tundu la kijani, akaiunga na ile ya ziada kwa mfululizo, moja baada ya nyingine kwenye njia ile ile, ili mashine isichemke. Ile ya ziada akaitundika juu ya mikeka. Mvua akairudisha mahali pake. Bwana Nassir alirudisha filamu nyuma, na hakimu akasoma hukumu yake kwa watu wote.

Nyumba ni ya mjane. Mzee Fondo alipiga makofi peke yake.

Aliyetoka bandani akiwa hana furaha sana ni Bi Kache. "Yangu ilikuwa tamu zaidi," alilalamika akivaa ndara zake. "Mimi ningemfunga wifi pia."

Jumamosi iliyofuata wanawake waliingia kwa mlango wao wa nyuma kama kawaida. Bwana Nassir hakuomba msamaha wala hakuna aliyemdai. Nilipomuuliza kuhusu Mwanapili, alivua kofia, akaikung'uta ingawa ilikuwa safi.

"Alinidhalilisha mbele ya wateja wangu," alisema. "Binti wa watu, ana kichwa kigumu. Na mashine itaungua, nakwambia."

Imeungua?

"Bado," alisema, na akavaa kofia yake.

Mwanapili ameanza kupita kwenye mabanda mengine ya pwani hii, na ana utaratibu wake. Hagusi mashine akifika. Anapitia mlango wa nyuma, anavua viatu, anaketi mkekani na kusikiliza. Kuna mwenye banda mmoja aliyemwambia kwamba kwake wanawake hawajalalamika. Mwanapili alimjibu kwamba hata yeye angekuwa mwenye banda, asingetaka kuyasikia malalamiko yao.

Anachokitaka hasa ni kuwa na banda lake mwenyewe, nyumbani Bongwe. Tayari ana spika tatu, amplifaya mbili na ahadi ya kiwanja kutoka kwa mama yake. Wanawake ndio watakaoketi mbele.

Namuuliza kama wanaume wataruhusiwa.

"Watakaribishwa," anasema, na anaingiza bisibisi mfukoni. "Watakaa nyuma."

Ananiacha nikiandika. Kisha, akishafunga kisanduku chake na kusimama, ananiinamia kidogo ili nisikose neno.

"Na andika hivi: nitawawekea spika ya tundu la kijani. Sitaki mtu yeyote alipe kiingilio changu asikilize mvua."